Damu Iliyosingiziwa

Mara ya kwanza kuambiwa nina kaswende nilikuwa na mimba ya miezi minne na ndizi mbili kwenye mkoba, maana foleni ya kliniki ile ilijulikana kwa urefu wake. Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu. Siku hizi wanapenda mume na mke wapimwe pamoja, kwa hiyo alikuwa ameomba ruhusa kazini Dunga, ufuoni mwa ziwa, ambako hutengeneza majokofu ya wauza samaki, akaja na nguo zake za kazi zinazonuka samaki na grisi. Ndoa yetu ilikuwa changa bado, na tulikuwa tukigawana ndizi hizo kama watoto wa shule.

Nesi alituita ndani, akafunga mlango.

"Baba, wewe uko sawa," alisema. "Mama, kipimo chako kimoja kimeonyesha kaswende. Usiogope, inatibika. Tutawadunga sindano nyinyi wote wawili, yeye kwa tahadhari, halafu tuendelee na kliniki kama kawaida."

Nilimwuliza kama kipimo kinaweza kukosea. Akasema ni mara chache sana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ukumbi mzima wa wanawake wakimngoja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi na hajawahi kuyapenda. Tulidungwa. Tukatoka tukichechemea, kila mtu kwa upande wake, na hatukusemezana mpaka tulipofika nyumbani Nyamasaria.

Mimi ni wa Maragoli, yeye ni Mjaluo wa Katito kule Nyakach, na kwa kuwa lugha zetu za mama hazikutani, nyumbani kwetu ni Kiswahili. Ni Kiswahili cha Kisumu, cha kuombea chumvi na kuulizia habari za kazi. Hakikuwahi kutubebea jambo zito. Jioni ile kilitushinda kabisa.

"Nyar Maragoli," alisema mwishowe. Ndivyo aniitavyo, binti wa Maragoli. "Kabla yangu, kulikuwa na nani?"

"Nilikwambia. Yule mmoja."

"Huyo tu?"

"Huyo tu."

Aliitikia kwa kichwa, akala ugali wake. Nami nikakaa na fikira zangu. Nilijua sikuwa na mtu mwingine. Basi kama ugonjwa ulikuwa wangu, na mimi sikuutoa popote, ungekuwa umetoka kwake, hata kama kipimo chake kilikuwa safi. Mteja mmoja aliwahi kuniambia kwamba mwanamume anaweza kwenda kutibiwa kimyakimya akamwacha mke na mzigo. Nilikuwa namshonea mapazia siku hiyo na sikuyatilia maneno yake maanani. Sasa nikayatafuta na kuyapata yote.

Mtoto alikufa tumboni nikiwa katika mwezi wa sita. Aliacha kucheza, nami nikangoja kidogo nikidhani amelala. Kule wodini walinizalisha, alikuwa wa kiume, na muuguzi wa zamu alipofungua kadi yangu ya kliniki alimwambia mwenzake, si kwa nia ya kunisikizisha, kwamba huenda ni ule ugonjwa. Mume wangu alikuwa amesimama hapo na chupa ya uji mkononi.

Wiki chache baadaye alinijia nikiwa kwenye kochi. Alikuwa amevua viatu, ameshika soksi zake mkononi, na nadhani alikuwa amejiandaa siku nzima.

"Nimekaa nikafikiri," alisema. "Nimekusamehe. Tusiongee hii maneno tena."

Ningeweza kumwambia sina la kusamehewa. Lakini maziwa yalikuwa bado yanatoka, nilikuwa nimefunga kifua kwa leso, na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyenijia kwa amani. Nikasema, "Asante." Akashukuru naye. Na mimi, bila kumwambia, nilimsamehe la kwake. Tukaishi hivyo, kila mmoja akijihesabu kuwa ndiye mwema, na nyumba ikawa na utulivu kama wa sebule ya wageni.

Uchovu wangu ulianza wakati huo. Watu walisema ni majonzi, na majonzi yalikuwapo, lakini hata viungo viliuma, na asubuhi niliamka kana kwamba nimetoka kulima. Nilirudi kibandani kwangu kando ya barabara, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, nikashona sare za shule. Wateja waliniuliza kama nina mimba tena. Nilipoipata kweli, sikumwambia mtu.

Nilichagua kituo kingine cha afya, nikaenda peke yangu. Nesi alikuwa mwingine, lakini kipimo kilisema vilevile.

"Ulitibiwa?" aliniuliza.

"Tulitibiwa wote."

"Basi umepata tena," alisema, na kalamu yake ikaendelea kuandika.

Ningeweza kumficha mume wangu. Nilimwambia siku hiyohiyo, akiwa uani ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Hakupaza sauti. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akasema anaenda Katito kumwona mama yake siku mbili tatu. Siku mbili tatu zikawa wiki, na wiki zikapita. Alikuwa akipita Dunga kufanya kazi na kurudi Katito jioni, mwendo wote huo, ili asilale nyumbani kwetu.

Mimba hiyo haikufika mbali. Iliharibika siku ya soko, mbele yangu kuna suruali ya mtoto wa darasa la pili. Nilimwomba mama wa mboga jirani anifungie kibanda, nikajipeleka hospitali mwenyewe. Sina mengi ya kusema juu ya siku hiyo. Nilikuwa nimeshajifunza jinsi inavyokwenda.

Mama mkwe alikuja bila kutuma habari. Alishuka na unga wa mtama na mhogo, dagaa wa omena wakavu kwenye mfuko wa karatasi, na nguo za kushinda. Nilimwogopa, maana nilijua mwanawe ameshamwambia. Lakini hakuniuliza kitu. Alifua shuka, akasugua sufuria ambazo sikuwa nimezigusa, na siku ya pili, akiwa amekaa kwenye kigoda anachagua omena, akasema, "Nyathina, mtoto wangu, nimewaambia wamama wa kanisa wakuombee."

"Umewaambia ninaumwa nini, mama?"

"Ule ugonjwa," alisema. "Mungu haombwi kwa mafumbo."

Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Nisingeweza hata kumkasirikia.

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba akiwa bado kwangu. Ulikuwa mzito na wa moto, ngozi imevutika hadi inang'aa, na kwenye shavu la mguu paliuma kama pamefungwa kamba. Nilihamisha kazi ya kukanyaga cherehani kwenye mguu wa kulia nikaendelea. Mama mkwe aliukanda kwa maji ya chumvi na mafuta ya mkaratusi. Alikuwa na mikono yenye nguvu, nami nilimwacha akande, kwa sababu ilikuwa muda mrefu sijashikwa na mtu kwa huruma. Baadaye niliambiwa mguu wa namna ile haukandwi. Sijamwambia hilo mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata nilishindwa kumaliza sentensi. Pumzi iliishia njiani, na kila nilipoivuta kulikuwa na kisu chini ya mbavu. Mama mkwe alinitazama mdomo, akatoka nje mbio na leso begani, akasimamisha tuktuk na kuniingiza kama gunia. Njia nzima alikuwa akimwambia dereva kwa Kijaluo aende, na akiniambia mimi kwa Kiswahili nisilale.

Hospitali waliniwekea oksijeni. Walipima mguu kwa mashine, wakapiga picha ya kifua. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na vipande vyake vilikuwa vimesafiri hadi kwenye mapafu. Wakaanza kunidunga dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda.

Daktari aliyenijia siku iliyofuata alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, macho mekundu, koti limekunjamana mgongoni. Alivuta kiti badala ya kusimama, nadhani kwa sababu miguu yake ilikuwa imemchoka.

"Umewahi kupoteza mimba?" aliuliza.

"Mbili."

"Katika familia yenu kuna mtu aliyewahi kuganda damu hivi?"

"Simjui."

Aliandika kitu kwenye faili. "Umewahi kupimwa ukaambiwa una kaswende?"

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa kitanda. Aligeuza uso akatazama dirishani. Nilidhani neno hilo limenifuata hadi humo ndani.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia," alisema daktari. "Ninauliza kwa sababu mguu, mapafu, mimba mbili na kipimo hicho, vyote vinaweza kuwa jambo moja. Na kama ni hilo, huna kaswende. Hujawahi kuwa nayo."

Alieleza polepole, na palipomshinda Kiswahili alisimama akatafuta neno. Mwili wa mtu, alisema, hutengeneza kinga za kupigana na vijidudu. Wangu ulikuwa umetengeneza kinga zinazougeukia wenyewe. Zinashika protini zinazokaa juu ya mafuta ya kuta za seli, na zikishika pale damu inachochewa kuganda hata pasipo na jeraha. Mguuni iliziba mshipa. Kwenye kondo la nyuma iliharibu njia ya chakula cha mtoto.

"Na kaswende inaingiaje?" niliuliza.

"Kile kipimo ulichofanyiwa hakimtafuti mdudu wa kaswende. Kinatumia mafuta fulani na kuangalia kama damu yako ina kinga zinazoyashika. Mtu mwenye kaswende huwa nazo. Wewe unazo pia, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Kipo kipimo kingine cha kinga za mdudu mwenyewe. Tutafanya hicho."

Kipimo kingine kilifanywa, na sikuwa na kaswende. Damu nyingine ikapelekwa Nairobi kutafutwa kinga zile zinazougeukia mwili, zikapatikana. Daktari akasema hazitoshi kupatikana mara moja, maana mtu anaweza kuwa nazo kwa muda baada ya homa au maambukizi kisha zikaondoka zenyewe. Zingetafutwa tena baada ya miezi mitatu. Zilitafutwa, zilikuwapo.

Watu hudhani nilifurahi. Nililala. Nililala kama mtu aliyeruhusiwa kutua ndoo, na kila nilipoamka nilikumbuka kwamba sina kaswende, nikalala tena.

Mume wangu alikuwa amekuja siku ileile nilipolazwa. Alikuwa akikaa kwenye benchi nje ya wodi na kuingia tu saa ya kulisha wagonjwa. Daktari alimwita, akatueleza sote wawili tena tangu mwanzo, na mume wangu akasikiliza kama anavyomsikiliza mwenye jokofu akieleza mlio wa mashine, kichwa kimeinama upande.

"Kwa hiyo ndani ya mwili inaganda haraka," alisema.

"Ndiyo. Na jambo la ajabu, kwenye chupa ya maabara inachelewa kuganda. Zile kinga zinavuruga kipimo. Mtu akitazama karatasi tu anaweza kufikiri damu yake ni nyepesi."

"Na huu ugonjwa, ni nani aliuleta?"

"Hakuna aliyeuleta," alisema daktari. "Hauambukizwi. Si yeye, si wewe."

Daktari alipoondoka, mume wangu alibaki amesimama miguuni pa kitanda. Alinyoosha blanketi ambalo halikuwa na mkunjo.

"Basi mimi nilikusamehe nini?" aliuliza.

"Sijui," nilisema.

Nilikuwa nimechoka, na kwa kweli sikujua. Alichukua sahani yangu akaenda kuiosha kwenye bomba la koridoni, akakaa huko muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.

Nilirudi nyumbani, naye akarudi pia. Hatukupanga. Alileta tu begi lake. Jioni moja tukiwa tunachambua mboga nilimwambia kwamba mimi pia nilikuwa nimemsamehe, miaka ile yote, bila kumwambia.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kwa kuniletea."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, kicheko kidogo cha watu walioishiwa. Kisha akaweka mboga chini. "Ulifikiri hivyo wakati huo wote," alisema. "Na ulinipikia." Nikamwambia na yeye alifikiri hivyo, na aliendelea kunitengenezea paa la kibanda. Sidhani jambo hilo limekwisha kati yetu. Liko, kama kovu, na siku za kiangazi linawasha.

Mama mkwe alikuwa na kazi yake. Alisema aliyoyapeleka kwa wamama wa kanisa atayarudisha mwenyewe, na Jumapili moja akanitaka niende naye Katito. Ibada ilipokwisha, wamama walikaa na chai, akasimama akavuta kitambaa chake cha kichwa.

"Yale niliyowaambia juu ya mke wa mwanangu hayakuwa kweli," alisema, kwa Kijaluo kwanza, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Hana ugonjwa ule. Ni damu yake inaganda."

Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo ni kansa ya damu?"

"Si kansa."

"Ni kuandamwa na pepo," alisema mwingine, kwa kunihurumia.

Mama mkwe alieleza tena, akachanganya, akaanza upya. Nilimwona jasho likimtoka juu ya mdomo. Walimsikiliza kwa heshima, wakaniombea tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na baada ya muda habari iliyorudi kwetu Nyamasaria ni kwamba nina ugonjwa mkubwa wa siri ambao familia inauficha kwa jina la damu. Nilipomwambia, aliketi chini. "Nilisema vizuri," alisema. "Uliona nilisema vizuri." Nilimwambia niliona.

Nilikuwa nadhani kupona ni kumaliza dawa. Vidonge vyangu havina mwisho. Ni vya kufanya damu iwe nyepesi, na lazima iwe nyepesi kwa kiasi, ikizidi nivuje, ikipungua nigande, kwa hiyo natolewa damu na kupimwa, kipimo kinapanda au kinashuka, nao wanaongeza au wanapunguza. Mboga za majani zina kitu kinachopigana na dawa. Niliacha sukuma na managu kabisa, nikawa mnyonge zaidi, mpaka daktari akaniambia tatizo si kula, ni kula leo mlima na kesho hakuna. Sasa nakula kiasi kilekile kila siku, hata pale ninapotamani zaidi. Mama mkwe akija na furushi la mboga kutoka shambani huona ninapopakua kidogo na kunung'unika kwamba mgonjwa anajinyima. Nikijichoma sindano ya cherehani, nabana kidole kwa kitambaa na kungoja, na mteja hungoja nami. Dawa za maumivu ambazo kila duka linauza sizigusi. Kwa nje mimi ni mzima, na hilo lina uchovu wake, kwa sababu mtu mzima huulizwa kwa nini amekaa.

Tulipotaka kujaribu tena, daktari alisema tumwambie mapema, maana vidonge vile humdhuru mtoto aliye tumboni. Nilihamia kwenye sindano, nikijidunga mwenyewe tumboni asubuhi na jioni, pamoja na kidonge kidogo cha aspirini. Mimba iliingia, na mwanzo niliweza. Baadaye tumbo lilijaa madoa ya buluu na ya kijani kama ramani, na nilikuwa nikikaa na sindano mkononi bila kupata mahali pa kuanzia. Mume wangu akajifunza. Alinawa kama daktari, akabana ngozi kwa vidole viwili, akasema, "Pole," kila mara, miezi yote ile.

Siku ya kwanza ya kliniki, nesi alisoma majibu, akapunguza sauti. Niliijua sauti hiyo kabla hajafika kwenye neno lenyewe, na nikajua itabidi nieleze tena kutoka kwenye mafuta na seli. Mume wangu akanitangulia.

"Sista, hicho kipimo kwa huyu mama kinadanganya. Mfanyieni kile kingine."

Nesi alimtazama kama anayemwonea huruma. Alisema sheria ni sheria, sindano haina madhara. Mume wangu hakugombana wala hakuondoka kwenye kiti. Alisema tutangoja. Tulingoja hadi ukumbi ukawa mtupu, kipimo kingine kikafanywa, na nesi akarudi akasema, "Haya, hamna kitu," kisha akauliza, kwa udadisi wa kweli, ugonjwa wenyewe unaitwaje. Nilimwandikia. Jina ni refu, nikalimalizia kwenye mstari wa pili.

Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji kabla ya wakati wake, mdogo, amekunja uso. Alikaa kwenye joto la mashine, kisha akaja nyumbani. Sasa anatembea kwa kushika meza, na anachovunja anakiokota anatuletea.

Watu huuliza wa pili lini. Mume wangu huwajibu kwamba huyu ametutosha. Mimi husema bado ninafikiri. Yote mawili ni kweli, na kuna siku ninapozitazama zile sindano zilizobaki juu ya kabati nikageuza macho. Wiki iliyopita damu yangu ilikuwa nyepesi kupita kiasi, wakapunguza dozi, wakaniambia nirudi Jumatatu. Nitarudi. Nitaketi kwenye lile benchi la maabara, nikunje mkono wa blauzi, halafu nije nifungue kibanda, kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa na kuna sare ambazo hata kukatwa bado.